Sandali Alizonunuliwa

Kiatu kilikataa kuingia.

"Sukuma," alisema Sindano.

"Si nasukuma hivi?"

"Husukumi, unakibembeleza. Kiatu hakibembelezwi, Mwalimu. Kinavaliwa."

Mwalimu alicheka. Alikuwa na kicheko cha meno yote, na ndicho kilichomnasa Sindano siku ile ya kwanza alipoingia karakanani na kiatu kilichoachama, akasema kiatu chake kimeanza umbea, anaomba kishonwe mdomo. Lakini leo kicheko kilitoka haraka mno, kabla hakijapata cha kuchekea. Sindano, aliyekuwa amepiga magoti mbele yake, hakukipenda.

Wateja walimwita Sindano kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Alikuwa fundi viatu, na karakana ilikuwa yake mwenyewe: meza moja, cherehani moja ya ngozi, rafu za kalibu za mbao za kuundia viatu, zilizopangwa kwa ukubwa, na harufu ya gundi iliyomfuata mpaka kitandani. Mwalimu naye hakuwa wa darasani. Alifundisha udereva kwenye kigari cheupe chenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yake. "Mimi kazi yangu ni kukanyaga breki ya mtu mwingine," alipenda kusema, na watu walicheka hata kama walishaisikia.

Viatu hivi vilikuwa vya ndoa. Vyeusi, ngozi laini, uzi umefichwa. Sindano alivishona kwa kipimo alichokichukua kwa mkono wake kabla Mwalimu hajaugua. Kisha ikaja ile homa ya mapafu. Ilimwangusha Mwalimu barabarani, ikampeleka chumba cha wagonjwa mahututi, na pale mlangoni Sindano akaambiwa ndugu tu ndio wanaoingia. Mchumba si ndugu. Akawa anakuja kusimama nje na kurudi, anakuja na kurudi, mpaka Mwalimu akatoka kwa miguu yake, kakonda, anacheka.

"Nimepona," alisema. "Mapafu meupe kama sahani."

Sawa. Lakini mtu akikonda, hata miguu hukonda. Hii ilikuwa imenenepa.

"Na hizi?" Sindano alizisogeza kwa kidole zile sandali alizokuja nazo Mwalimu. "Umezitoa wapi?"

"Nimenunua."

"Wewe?"

"Kwani mimi sinunui vitu?"

"Wewe uliyekuja kwetu siku ya kujitambulisha na soksi moja ya bluu na nyingine ya kijani?"

"Ilikuwa giza nilipovaa."

"Ilikuwa mchana, Mwalimu."

Akaziokota, akazigeuza. Pana mbele, laini chini, kamba za kulegezwa juu na nyuma. Si sandali za mtu aliyepita dukani akachukua za kwanza. Aliyezichagua alikaa akaufikiria mguu huu, unapovimba, unapouma, unapotaka nafasi. Alimjua mwenye mguu.

Mwanamke mwingine angekuta lipstiki kwenye kola. Yeye fundi viatu alikuta viatu.

"Zimechaguliwa vizuri," alisema taratibu.

"Asante."

"Sijakusifu wewe."

Mwalimu alitazama pembeni. Sindano akaushika mguu wake, akabonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, bonde likabaki palepale, kama kwenye udongo wa mfinyanzi. Aliwahi kuiona miguu ya namna hii, ya wateja walioshuka kwenye basi la safari ndefu.

"Ulisafiri?"

"Nisafiri niende wapi?"

"Ndivyo ninavyouliza."

"Mpenzi, nakaa garini mchana kutwa. Miguu inachoka." Akajinyoosha, na alipojinyoosha akashika kiuno, uso ukamkunjamana kidogo.

"Mgongo tena?"

"Utapita."

Hapo hasira ya Sindano ikalegea, maana mgongo aliujua. Hata wake ulimuuma kwa kuinamia kalibu. Akafungua saraka, akatoa vile vidonge vyake vya maumivu, vile vile alivyokuwa akimpa tangu atoke hospitali, akaviweka kiganjani na kumnyooshea. Mwalimu akavitazama. Alivitazama kwa muda mrefu kuliko mtu anavyotazama vidonge. Kisha akavichukua, akavimeza kwa funda moja dogo la maji, akarudisha glasi ikiwa bado imejaa.

"Huna kiu?"

"Nimekunywa njiani."

Mwalimu alipoondoka, Sindano alisimama nyuma ya pazia la mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mwanaume yeyote. Kigari cheupe kilikuwa ng'ambo ya barabara. Mwalimu hakwenda upande wa usukani. Alizunguka akakaa pembeni, na nyuma ya usukani alikuwapo mwanamke wa miwani. Ni mwanafunzi, Sindano alijiambia. Lakini yule mwanamke akakirudisha kigari nyuma kati ya lori na pikipiki kwa mkupuo mmoja, bila kusita, akakata kona, akapotea. Mwanafunzi harudishi gari nyuma namna ile.

Alimjua. Alishawahi kuonyeshwa kwa mbali, kwenye msiba wa jirani. Alikuwa mtalaka wa Mwalimu.

Machale yakamcheza, na safari hii hakuyanyamazisha.

*

Mama yake hakuhitaji kuambiwa. Alimtazama mwanawe anavyokata vitunguu, akajua.

"Jumapili alikula nini hapa?" aliuliza.

"Nani?"

"Usinifanye mimi mtoto. Mkwe wangu mtarajiwa."

"Unajua mwenyewe, mama. Alisema ameshiba."

"Na ile iliyopita?"

"Alikula wali kidogo."

"Mkavu. Maharage hakugusa. Ndizi hakugusa. Mchuzi wangu wa nyanya aliuangalia kama nimemwekea kamba ya kujinyongea." Mama akashusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kuwasikia. "Mwanaume anayeshiba kila akifika kwenu, mwanangu, kuna jiko linalomlisha."

"Amekonda, mama. Anayelishwa hakondi."

"Mapenzi ya pembeni yanakondesha. Muulize marehemu baba yako."

"Mama!"

"Sisemi zaidi. Mimi nilishasema mwanzo, mkaniona mchawi. Mtalaka ni mlango uliorudishwa tu, haujafungwa kwa ufunguo. Upepo ukivuma, unafunguka." Akachukua kile kisu mkononi mwa Sindano, maana vitunguu vilikuwa vimekuwa uji. "Na kama si mwanamke, basi ni ugonjwa. Na kama ni ugonjwa, pia sitaki. Nimeuguza mume, najua. Sikukuzaa uje kuwa nesi wa mtu."

Sindano alikuwa anawaza, kati ya hayo mawili ya mama, ni lipi lingemuuma kidogo kuliko jingine. Alijishtukia anaomba liwe ugonjwa, akaona aibu.

*

Duka la miwani lilikuwa na kioo kirefu, na Sindano alijiona akiingia: kitambaa kimekaa upande, uso wa vita. Akakirekebisha kitambaa. Uso ulimshinda.

"Karibu, dada," alisema mwanamke wa miwani. Alikuwa mwembamba, mtulivu, sauti ya chini. "Ni ya kusomea au ya kuona mbali?"

"Ya mbali. Siku hizi mambo mengi nayaona nusunusu."

Yule mwanamke akamtazama kidogo, kisha akavuta kiti. "Kaa hapo. Ziba jicho la kulia. Soma mstari wa juu."

"E."

"Unaofuata."

"F, P. Wewe ndiye unayeendesha kile kigari cheupe?"

"Mstari wa tatu."

Sindano akausoma wote, wa nne akausoma, wa tano akausoma kwa hasira.

"Badilisha jicho," alisema yule mwanamke. Kisha akaiweka ile fimbo ya kuonyeshea juu ya meza. "Au basi. Macho yako ni mazima. Hukuja kupimwa, umekuja kunipima."

"Unanijua?"

"Nakujua, Sindano. Siku uliyomshonea vile viatu vya kahawia alinionyesha njiani, ameinua mguu kama mtoto aliyevishwa kipya. Nikajua huyu kapata mtu."

Maneno yale yalikuwa matamu, na ndiyo maana Sindano hakuyaamini. Kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa alikujua.

"Unampeleka wapi mchumba wangu?"

"Swali hilo lina mwenyewe."

"Sandali ulinunua wewe?"

"Mimi. Alikuwa anachechemea, viatu vimemkaba, nikashindwa kuangalia. Nilijua ni sawa na kuingia jikoni kwako bila hodi. Nisamehe."

"Bado unampenda?"

Mwanamke wa miwani akavua miwani yake, akaifuta kwa pindo la gauni ingawa ilikuwa safi. "Nimeolewa, dada, na mume wangu anajua ninakokwenda na yule. Nilimpenda zamani, ndiyo. Lakini tuliachana kwa sababu ya kunyamaziwa. Hakunipiga, hakunitukana. Alinichekea tu. Kila nikiuliza, ananichekea. Mtu akikunyamazia muda mrefu, unaanza kusikia sauti ambazo hazipo."

Sindano alikuwa na sauti hizo tangu jana.

"Basi niambie wewe."

"Nilimwahidi sitasema. Ahadi kwa mtu kama yule ni gereza, lakini ni ahadi." Akasita. Akatazama mlangoni, kisha akasema haraka: "Jambo moja nitakuambia, hata akinichukia. Usimpe tena vile vidonge vya mgongo. Usimpe hata kimoja."

Sindano alisimama, kiti kikapiga ukuta.

"Vidonge umevijuaje?"

"Alisema."

"Alikusimulia nilivyompa dawa kwa mkono wangu? Mkawa mnacheka?"

"Hakuna aliyecheka, dada yangu," alisema yule mwanamke, na kwa mara ya kwanza sauti yake ya chini ikatetemeka. "Ningetamani tungekuwa tunacheka."

*

Uwanja wa mazoezi ulikuwa kiwanja kitupu nyuma ya ghala, na mapipa mekundu yaliyopangwa ili wanafunzi wayakwepe. Pipa moja lilikuwa limelala. Mwanaume mnene alikuwa anashuka kwenye kigari cheupe huku anajipangusa jasho, na Mwalimu anamwambia, "Leo umeangusha moja tu, mzee. Tunapiga hatua."

Sindano alimpita yule mwanaume, akaingia upande wa usukani, akafunga mlango.

"Karibu," alisema Mwalimu, kicheko tayari usoni. "Leo tunajifunza gia ya tatu?"

"Usicheke."

Akawasha gari. Likaruka, likatulia, likaanza kwenda. Mwalimu akaweka mguu kwenye breki yake kwa mazoea.

"Toa mguu."

"Kuna mapipa, mpenzi."

"Nimeyaona. Nimepimwa macho leo. Toa mguu!"

Alitoa. Wakazunguka kiwanja, polepole, gari linalalamika.

"Nimetoka kwa mtalaka wako," alisema Sindano. "Kaniambia nisikupe vidonge. Nataka unijibu jambo moja tu. Sumu ni vidonge, au ni mimi?"

Walizunguka tena. Alipofungua mdomo Sindano aliona meno yanajiandaa, kisha yakakosa pa kwenda, na mdomo ukafungwa. Hakuwahi kuuona uso ule bila kicheko. Ulikuwa wa mtu mwingine, mkubwa kwa miaka, aliyechoka.

"Ni vidonge," alisema.

Mguu wa Sindano ukateleza kwenye klachi. Gari likazimika katikati ya kiwanja.

"Figo zangu ni mbovu," aliendelea Mwalimu, akitazama mbele kama bado wanaendesha. "Si za juzi. Presha iliziharibu nikiwa kijana, sikujua. Zilikuwa zinafanya kazi nusu, lakini hiyo nusu ilinitosha. Namwona daktari, nameza dawa, nachagua chakula, naishi kama watu. Ndipo ikaja ile homa."

"Ya mapafu."

"Ilianzia mapafuni. Maambukizi yakaingia mpaka kwenye damu. Figo zikasimama kabisa, wakaniunga kwenye mashine ya kusafisha damu mpaka zikaanza tena. Mapafu yamepona, sikukudanganya. Ila figo hazikuamka kama zilivyolala."

"Na daktari anasemaje?"

"Anasema mwenye figo dhaifu akipigwa na maambukizi makali, asidhani akitoka wodini vita vimekwisha. Miezi ya baadaye ndiyo ya kuziangalia. Zinaweza kupanda kidogo, zinaweza kusimama hapo. Zinaweza pia kuendelea kushuka, na hazipigi kelele zikishuka. Unacheka na watu, kumbe zinashuka."

"Ndiyo maana ya maharage. Na ndizi. Na maji."

"Ndiyo."

"Na miguu."

"Ndiyo."

Sindano alikuwa anaunganisha kimoja kimoja, na kila alichounganisha kilimchoma. Kimoja alikuwa amekibakisha mwisho kwa sababu alikiogopa.

"Na vidonge vyangu?"

"Vya aina ile vinazinyima figo damu. Mwenye figo nzima vinaweza visimsumbue. Mimi nilishakatazwa zamani."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Na ukameza."

"Ulikuwa umenishikia kiganjani, unanitazama vile unavyonitazama." Sauti yake ilishuka. "Ningekataa, ungeuliza kwa nini. Nikaona kumeza ni rahisi kuliko kusema. Kipimo cha mwisho kilishuka, daktari akaniuliza natumia nini, ikabidi nimwambie. Yule dada alikuwepo."

Sindano aliushika usukani kwa mikono yote miwili kama vile gari bado linakwenda. "Nilikuwa nakuua kwa mkono wangu," alisema, "na wewe unaniambia asante."

"Havikuwa vingi—"

"Usinipunguzie! Usithubutu kunipunguzia!" Machozi yakatoka, ya hasira kuliko ya huzuni. "Jana ulivitazama. Nilikuona unavitazama. Nikadhani una hatia ya mwanamke. Ukavimeza huku unajua!"

"Jana ilikuwa ya mwisho. Niliapa."

"Kwa nani? Kwake?"

Mwalimu akainamisha kichwa. Nje, yule mwanaume mnene alikuwa analisimamisha pipa aliloliangusha, akijifanya hawaoni.

"Kwa nini yeye?" Sindano aliuliza. "Nijibu hilo. Mimi nilisimama nje ya mlango ule mpaka mlinzi akawa ananisalimia kwa jina."

"Nilifika sijitambui. Kliniki walikuwa na jina lake kama ndugu wa kupigiwa simu tangu enzi zetu, sikuwahi kulibadilisha. Wakampigia. Nilipozinduka nikamkuta. Alishaniona na mipira mdomoni, alishaniona nikilia. Kwake sikuwa na kitu cha kuficha tena. Wewe nilitaka unione mzima."

"Kwa hiyo yeye umempa ugonjwa wako. Mimi umenipa meno."

Neno lile lilimpata Mwalimu mahali. Alifumba macho.

"Mama yako hanitaki," alisema. "Ana haki. Wewe bado kijana, una kazi yako, una mikono. Ukiamua kuondoka, mimi—"

"Usinifungulie mlango ambao sijaomba kutoka." Sindano akajifuta uso kwa kitambaa, akaacha alama nyeusi ya rangi ya viatu shavuni. Mwalimu akainua mkono amfute, akasita, akaurudisha. Wote wawili waliuona mkono ule ukienda na kurudi. Sindano alitamani umfikie. Alitamani kuliko kitu chochote, na ndiyo maana alikaza shingo. "Nitajuaje kwamba hata haya ni kweli? Yamepangika vizuri mno."

"Njoo kliniki."

"Nitakuja. Na dada wa miwani abaki dukani kwake."

"Nitampigia sasa hivi, mbele yako."

"Mpigie. Na umshukuru," alisema Sindano. "Mimi nitamshukuru kivyangu, ikinitoka hasira."

*

Walipofika kliniki, Sindano aligoma kuingia kwa daktari.

"Njoo usikie," alisema Mwalimu.

"Ingia peke yako. Ukitoka, utaniambia wewe."

Mwalimu alimwelewa. Alisimama kidogo mbele ya mlango kama mwanafunzi anayesubiri mtihani wa barabarani, kisha akaingia.

Benchi lilikuwa limejaa. Mama wa makamo aliyekaa na mumewe aliyesinzia begani mwake alimgeukia Sindano. "Wako naye yuko kwenye mashine?"

"Bado, mama."

"Mshikilie hapohapo kwenye bado," alisema yule mama, akamfunika mumewe vizuri. "Kwenye bado kuna nafasi nyingi."

Mlango ukafunguka. Mwalimu alikuja akakaa, mikono katikati ya magoti. Hakucheka.

"Hazijashuka tena," alisema. "Lakini hazijarudi zilipokuwa kabla ya homa, na daktari anaona huenda zisirudi. Presha iko juu, amebadilisha dawa. Chumvi nipunguze zaidi. Nikipata homa yoyote, hata mafua, nisikae nyumbani nikisubiri. Damu wataendelea kuipima." Akavuta pumzi. "Na amesema tukae tukijua kwamba siku moja nitaihitaji mashine. Si sasa. Inaweza kuwa mbali. Lakini tukae tukijua."

Sindano alimchungulia macho yote mawili, moja baada ya jingine.

"Ngoja hapa," alisema.

Akaenda akagonga mlango wa daktari. Daktari, mwanamke aliyekuwa anavaa koti aende chakula, alimtazama, kisha akamtazama Mwalimu kule benchini. Mwalimu akaitikia kwa kichwa: mwambie. Mlango ukafungwa. Benchi zima likamtazama Mwalimu, na Mwalimu akatazama sakafu.

Sindano aliporudi, hakukaa.

"Kasemaje?" aliuliza Mwalimu.

"Hivyohivyo. Neno kwa neno. Ila kuna moja hukuniambia."

Rangi ikamtoka. "Lipi?"

"Kwamba ulimuuliza kama mtu mwenye figo zako anaweza kuoa."

"Hilo halikuwa la figo. Hilo lilikuwa langu."

"Na alikujibu nini?"

"Kwamba figo hazimkatazi mtu kuoa."

Yule mama wa benchini alikohoa kidogo, akageukia ukutani, akitabasamu peke yake. Sindano naye nusura atabasamu. Alijizuia.

"Twende kwa mama," alisema. "Utasema wewe. Mimi nitakaa kimya."

Na alikaa kimya. Mwalimu alimwamkia mama, akakaa kwenye kiti cha chini kabisa pale sebuleni, akasema yote: presha, homa, mashine, vidonge, mtalaka. Hakuruka kitu. Mama alisikiliza mikono imekunjwa kifuani, na Mwalimu alipomaliza, akamgeukia binti yake.

"Basi ndoa imekufa."

"Haijafa, mama. Imesimama."

"Afadhali. Mimi nilisema toka mwanzo, mtu mwenye figo—"

"Si kwa ajili ya figo." Sindano hakupandisha sauti. "Kwa figo ningeolewa hata leo jioni. Imesimama kwa ajili ya uongo."

Mama alikuwa amejiandaa kupigana na ugonjwa. Kwa hili hakuwa na silaha. Akamtazama Mwalimu, aliyekaa ameinama, asijitetee hata kwa neno moja.

"Mimi bado sijakubali," alisema mama, lakini alisema kwa upole kuliko alivyokusudia.

"Najua, mama," alijibu Mwalimu. Kisha akamwinulia Sindano macho. "Itasimama mpaka lini?"

"Mpaka siku nitakayokuuliza jambo, nisiende kumuuliza mtu mwingine."

Mwalimu aliyatafakari maneno hayo. Hakuahidi, hakuapa.

"Basi anza kuniuliza," alisema.

Sindano akavuta kigoda, akakiweka mbele yake, karibu kiasi cha magoti kugusana. Akakaa. Akauliza.